Mwalimu Anapomdhulumu Mwanafunzi Kingono: Hatua za Kuchukua Kuanzia Saa ya Kwanza

Hapa Kenya, kesi nyingi za walimu wanaowadhulumu wanafunzi kingono hazifii mahakamani. Hufia nyumbani, kwa chifu, au ofisini kwa mwalimu mkuu, kabla hata faili haijafunguliwa. Kwa miaka mingi nimekuwa nikizisindikiza familia hadi hospitalini na kituo cha polisi nikiwa mhudumu wa kujitolea wa msaada wa kisheria, na nikizikumbuka kesi zilizoporomoka naona kwamba takriban zote ziliharibika katika siku tatu za mwanzo, tena kwa mikono ya watu waliompenda mtoto na waliodhani kwamba wanamsitiri. Ndiyo sababu sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu siku hizo tatu. Nimemwandikia mzazi, mlezi na jirani, na nimemwandikia pia mwalimu ambaye amejua jambo kuhusu mwenzake na hajui aanzie wapi.

Kwanza ondoa mashaka kuhusu sheria yenyewe, kwa maana maneno ya kwanza utakayoambiwa ni kwamba "walikuwa wanapendana". Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 haitambui ridhaa ya mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Anayefanya tendo la ndoa na mtoto ametenda kosa la unajisi, na adhabu hufuata umri wa mtoto: kifungo cha maisha iwapo mtoto ana miaka 11 au chini ya hapo, kifungo kisichopungua miaka 20 iwapo ana kati ya miaka 12 na 15, na kisichopungua miaka 15 iwapo ana kati ya 16 na 18. Kumgusa mtoto sehemu za siri bila kumwingilia ni kosa jingine, na adhabu yake haipungui miaka 10. Isitoshe, kifungu cha 24 cha sheria hiyo kinamtaja mwalimu mkuu, mwalimu na mfanyakazi wa shule kwa majina ya kazi zao: anayetumia cheo chake kumshawishi mwanafunzi afanye naye ngono atafungwa miaka isiyopungua 10, hata kama mwanafunzi huyo yuko kidato cha nne na amekwisha kutimiza miaka 19. Sheria hii inamlinda mvulana sawasawa na msichana, na inamfunga mwalimu wa kike sawasawa na wa kiume. Wavulana husahaulika sana katika jambo hili, na wengi wao hawasemi kamwe.

Mtoto anapoanza kusema

Ni nadra mtoto kuja akakaa chini na kueleza yote. Husema kwa pembeni. Msichana mmoja wa darasa la sita ambaye familia yake niliisaidia alianza kwa kumwambia nyanya yake, walipokuwa wakichambua mchicha, kwamba hataki tena kuwa kiranja. Nyanya hakumkemea wala hakumpuuza. Aliendelea kuchambua na kumuuliza, "Kiranja hufanya kazi gani, mjukuu wangu?" Ndipo mtoto akasema kwamba kiranja ndiye anayepeleka madaftari nyumbani kwa mwalimu jioni.

Fanya kama nyanya huyo. Acha mtoto aseme kwa mwendo wake, usimwulize maswali yanayomtilia majibu kinywani kama vile "Alikushika hapa, sivyo?", na usimwulize kwa nini hakupiga kelele au kwa nini hakusema mapema. Mwambie kwamba unamwamini na kwamba kosa si lake. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote, kwa sababu ahadi hiyo utalazimika kuivunja, naye atakuwa amesalitiwa mara ya pili.

Akishamaliza, chukua daftari uandike maneno yake kama alivyoyatamka, pamoja na tarehe, saa, mahali mlipokuwa na nani mwingine aliyesikia. Usiyageuze yakawa maneno ya kipolisi. Watoto wengi wa Kenya husema "alinifanyia tabia mbaya", na wazazi huogopa kwamba maneno hayo hayatoshi. Mahakama ya Rufani imekwisha kutambua kwamba mtoto huzungumza kwa tafsida za namna hiyo kutokana na malezi na aibu, na kwamba si haki kumtaka ataje viungo kwa lugha ya watu wazima ili aaminike. Ushahidi unaodhoofika ni ule ambao mtoto amesema hivi nyumbani na vingine polisi, kwa sababu mtu mzima alimsahihisha njiani.

Usiende kumkabili mwalimu. Naijua hasira hiyo, nimewaona baba wakitetemeka kwa ajili yake, lakini mshukiwa aliyeshtuliwa hufuta jumbe za simu, hutafuta mashahidi wa kumtetea na huwahi kwa wazee kabla yako. Iwapo kuna vijana wanaotaka kumvamia, wazuie kwa nguvu zako zote. Mwalimu aliyepigwa hugeuka kuwa mlalamishi, na baba wa mtoto ndiye anayelala rumande.

Hospitali kabla ya yote

Mama mmoja alipata habari Jumamosi mchana. Aliumia, akalia, kisha akafanya jambo ambalo mama yeyote angelifanya: akamwogesha mtoto wake kwa maji ya moto, akamvika nguo safi, akafua sare ya shule kwa sabuni ya mche na kuianika. Jumatatu alipofika kituoni, askari aliuliza nguo alizovaa mtoto siku ile, naye akafungua mfuko na kutoa sare iliyopigwa pasi. Sijasahau jinsi alivyoishika.

Kama tukio limetokea ndani ya siku chache zilizopita, mtoto asioge, asisukutue wala asibadilishe nguo kabla hajaonwa na daktari. Ikiwa amekwisha kubadilisha, nguo zile ziachwe bila kufuliwa, kila vazi kwenye bahasha yake ya karatasi, kwa sababu plastiki hufungia unyevu na kuozesha vielelezo. Hospitali ya serikali inapaswa kumtibu hata kama hujapitia polisi bado. Asikurudishe mtu mlangoni kwa kisingizio hicho. Ndani ya saa 72 anaweza kuanzishiwa dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyofaa zaidi. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba inaweza kutolewa hadi saa 120, ingawa nayo hupungua nguvu kila siku inayopita. Omba daktari au tabibu ajaze fomu ya huduma baada ya ubakaji, ambayo wahudumu huiita PRC, na uondoke na nakala yake. Fomu hii ni tofauti na P3, fomu ya polisi ambayo daktari huijaza kueleza majeraha ya mwathiriwa, na imeokoa kesi nyingi ambazo P3 zake zilijazwa majuma kadhaa baadaye.

Na ikiwa miezi imepita? Nenda hata hivyo. Unajisi hauna muda wa mwisho wa kushtakiwa, na sheria haihitaji mtoto awe na jeraha, kwani hata kuingiliwa kwa sehemu tu kunatosha kuwa kosa. Sheria ya Ushahidi, katika kifungu cha 124, inamruhusu hakimu amtie mshtakiwa hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, mradi ameridhika kwamba mtoto anasema ukweli na ameandika sababu za kuridhika kwake.

Kituo cha polisi

Ulizia dawati la jinsia, na ikiwezekana omba afisa wa kike. Hakikisha taarifa yako imeandikwa kwenye kitabu cha matukio na uondoke na nambari ya OB imeandikwa mahali ambapo haitapotea, kwa sababu bila nambari hiyo ni kana kwamba hukufika. Utapewa fomu ya P3, ambayo haiuzwi. Mtoto atoe maelezo yake katika lugha anayoimudu, awe Kigiriama, Kiturkana au Kiswahili, wewe au mlezi mwingine akiwapo, na maelezo hayo yasomwe kwa sauti kabla ya kutiwa sahihi. Wakati wa kusomewa ndipo makosa ya tarehe na majina hugunduliwa, na wakili wa utetezi huyapenda sana makosa hayo.

Beba uthibitisho wa umri. Kwa kuwa adhabu hufuata umri, upande wa mashtaka usipouthibitisha hukumu inaweza kutenguliwa katika rufaa. Cheti cha kuzaliwa ndicho bora, lakini kadi ya kliniki, kadi ya ubatizo, ushahidi wa mama mzazi au tathmini ya daktari pia hukubalika.

Simu ya mtoto, au ya mzazi ambayo mwalimu alikuwa akiitumia kumtumia mtoto jumbe, ihifadhiwe yenyewe. Picha za skrini zinasaidia, lakini ushahidi wa kielektroniki huhitaji cheti kinachoeleza jinsi ulivyotolewa kwenye kifaa, na ni rahisi zaidi kazi hiyo kufanyika simu ikiwapo. Usifute chochote, hata jumbe ambazo mtoto alijibu kwa namna inayokutia aibu. Kumbuka kwamba ridhaa yake haihesabiwi.

Afisa akikuambia mkayamalize nyumbani, omba kumwona mkuu wa kituo. Akikataa naye, nenda ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma katika kaunti, au uwasilishe malalamiko kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi. Simu 116, ambayo ni ya watoto, na 1195, ambayo ni ya waathiriwa wa dhuluma za kijinsia, hupigwa bila malipo, na wanaozipokea wanaweza kukuunganisha na afisa wa watoto aliye karibu nawe.

Kikao cha wazee

Sasa tuzungumzie mahali ambapo jamii na sheria hugongana. Kabla ya juma kwisha utaitwa. Pengine ataitisha chifu, pengine mzee wa mtaa, mchungaji, imamu, au mjumbe wa bodi ya shule ambaye ni shemeji yake mtuhumiwa. Kaskazini mashariki kikao hicho kitaitwa maslaha, kwingineko kitaitwa mazungumzo ya familia. Utaambiwa kwamba mwalimu ni kijana wetu, ana watoto wadogo, wanafunzi walifaulu hesabu kwa ajili yake, na kwamba binti yako atakosa mume jina lake likitajwa mahakamani. Kisha kutawekwa mezani mbuzi, au ng'ombe, au bahasha, au ahadi ya kumlipia mtoto karo hadi amalize sekondari.

Sitamlaumu mzazi aliyewahi kuipokea bahasha hiyo. Nimekaa katika vikao hivyo na najua jinsi mama mjane anavyojisikia akiwa ameketi peke yake mbele ya wanaume kumi na wawili, ambao mmoja wao ndiye anayemkodishia shamba. Ninachotaka ajue ni kwamba wanaume hao hawana mamlaka wanayojipa. Kosa la unajisi ni kosa dhidi ya serikali. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kingono kiliweka uamuzi wa kusitisha kesi kama hizi mikononi mwa Mwanasheria Mkuu peke yake, na tangu Katiba ya 2010 mamlaka hayo yako kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mzazi hawezi kuiondoa kesi. Chifu hawezi. Barua ya makubaliano, hata ikiwa na mihuri mitatu, haimfungi mwendesha mashtaka, na aliyepokea pesa ili mtoto asifike kutoa ushahidi anaweza kujikuta mwenyewe akijibu mashtaka ya kuizuia haki.

Kwa hiyo ukiitwa, una haki ya kutokwenda. Ukiona huwezi kukataa, nenda na mtu mmoja unayemwamini, usimpeleke mtoto kabisa, usitie sahihi karatasi yoyote, na useme sentensi moja tu: "Jambo hili liko polisi, nambari ya OB ni hii." Uirudie kila unapoulizwa. Sentensi hiyo ina nguvu kuliko hoja zote, maana inawaondolea wazee mzigo na kuwapa sababu ya kuinuka bila kuvunjiana heshima na mtu. Nimeona kikao cha saa mbili kikifungwa kwa dakika kumi kwa sababu yake.

Tume ya walimu na hila ya uhamisho

Sambamba na polisi, mwandikie mkurugenzi wa kaunti wa Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Usimwachie mwalimu mkuu kazi hiyo. Waraka wa TSC nambari 3 wa mwaka 2010 unamtaka mwalimu yeyote aliyepata habari za mwanafunzi kudhulumiwa kingono atoe taarifa ndani ya saa 24, na anayenyamaza au kuficha huchukuliwa hatua za nidhamu yeye mwenyewe. Ewe mwalimu unayesoma haya ukijiambia kwamba hutaki kuingilia mambo ya mwenzako: kunyamaza kwako kunaweza kukugharimu kazi, na kumemgharimu mtoto zaidi ya hapo.

Barua yenyewe iwe fupi. Inatosha kuandika hivi: "Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa darasa la sita katika shule iliyotajwa hapo juu. Tarehe 14 mtoto wangu alinieleza kwamba mwalimu wake wa hesabu amemdhulumu kingono nyumbani kwake. Nimeripoti polisi, nambari ya OB imeambatishwa. Ninaomba mwalimu huyu aondolewe mbele ya wanafunzi mara moja na uchunguzi ufanyike. Ninaomba pia asihamishiwe shule nyingine." Jina la mwalimu na la shule yaandikwe, la mtoto liwekwe kwenye karatasi ya pili iliyofungwa. Peleka nakala mbili, mmoja wa wafanyakazi agonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako.

Ombi la mwisho katika barua hiyo ndilo zito kuliko yote. Kwa miaka mingi jibu la shule nyingi lilikuwa uhamisho: mwalimu anapotea Ijumaa, na Jumatatu anaandika ubaoni mbele ya watoto wengine wasiojua lolote. Mwaka 2015 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kesi ya wasichana wawili wa shule ya msingi waliodhulumiwa na mwalimu wao. Iliikemea TSC kwa kuwahamisha wadhalimu kutoka shule moja hadi nyingine, ikasema kwamba kuwafuta kazi peke yake hakutoshi, na ikaamua kwamba tume na serikali zinawajibika pamoja na mwalimu huyo. Wasichana walipewa fidia ya shilingi milioni 2 na milioni 3. Mzazi anayemwandikia mkurugenzi wa kaunti leo anaweza kuutaja uamuzi huo kwa sentensi moja, na atakayeisoma ataielewa.

TSC ina utaratibu wake wa kumsimamisha mwalimu, kumsikiliza na kumwondoa kwenye sajili, na hausubiri hukumu ya jinai wala haufungwi nayo. Kiwango cha ushahidi ni tofauti, hivyo mwalimu aliyeachiliwa na hakimu kwa sababu ya shaka anaweza bado kufutwa. Kesi ya madai ya fidia nayo husimama kwa miguu yake. Shule za kibinafsi hazikuachwa nje, kwa kuwa hakuna anayeruhusiwa kisheria kufundisha Kenya bila kusajiliwa na TSC.

Miezi ya mahakama

Tarajia kuahirishwa. Daktari atakuwa safarini, faili itakuwa kwa hakimu mwingine, wakili wa mshtakiwa ataugua. Kila ahirisho ni nauli, na ni siku ya kibarua iliyopotea, na watetezi hulijua hilo. Weka bahasha moja ngumu yenye nakala za kila kitu, na daftari la tarehe zote. Mwombe mwendesha mashtaka mapema kwamba mtoto atoe ushahidi faraghani, akingwe asimtazame mshtakiwa, au asaidiwe na mtu wa kati anayemwelewa. Sheria inaruhusu yote matatu, lakini mara nyingi hayatolewi mpaka yaombwe. FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, na mashirika mengine ya msaada wa kisheria yanaweza kumpa mtoto wakili wa kufuatilia maslahi yake.

Kuhusu adhabu, ulizuka mjadala baada ya baadhi ya mahakama kushusha vifungo chini ya viwango vya sheria. Mahakama ya Juu iliumaliza Julai 2024 ilipoamua kwamba viwango vya chini vilivyowekwa na Sheria ya Makosa ya Kingono ni halali na vinapaswa kufuatwa.

Wakati huo wote mtoto anahitaji kusoma. Msichana aliyepata mimba ana haki ya kurudi shuleni. Sera hiyo ipo tangu 1994, na mwalimu mkuu anayemkataa anakiuka agizo la serikali yake. Mtoto akizaliwa, kipimo cha DNA ni ushahidi ambao mahakama inaweza kuuagiza. Akitaka kuhamia shule nyingine, msaidie, lakini uamuzi uwe wake. Nimewaona wasichana wakihamishwa kwa haraka ili shule ipumue, huku mshtakiwa akiendelea kupita langoni akiwa nje kwa dhamana. Ikiwa hali ni hiyo, mwambie mwendesha mashtaka amwombe hakimu aweke sharti la kumzuia mshtakiwa kukaribia shule na familia, na ukiona amelivunja, andika siku na saa, kisha upige simu kituoni ukitaja nambari ileile ya OB.

Na kwa wazazi walio kwenye bodi za shule: mwalimu mpya anaporipoti, hasa wa kibarua anayelipwa na wazazi wenyewe, ombeni nambari yake ya TSC siku hiyohiyo na muilinganishe na orodha ya walioondolewa kwenye sajili ambayo tume huichapisha. Kazi hiyo haizidi nusu saa, na ifanyike kabla hajapewa darasa.